Hikaya kwenye Meza ya Wageni

Kila mwaka, wakati wa kiangazi cha Marekani, mji wa Indianapolis katika jimbo la Indiana hupokea halaiki ya watu ambao hawakuletwa na biashara, wala ibada, wala mashindano ya magari ambayo kwayo mji huo umepata sifa duniani; wamekuja kuketi kuzunguka meza na kucheza. Tamasha lao huitwa Gen Con, huchukua siku nne, na mwaka 2023 waliohudhuria walizidi watu 70,000. Hujaza ukumbi mkubwa wa mikutano wa mji, hufurika hadi kumbi za hoteli za jirani, na kwa miaka kadhaa sasa sakafu ya uwanja wa Lucas Oil, unapochezwa mpira wa Kimarekani, nayo hupangwa meza. Michezo ni ya namna nyingi: ya karata, ya ubao, ya majeshi ya vinyago. Mimi nataka kusema juu ya mmoja tu, ambao ndio moyo wa tamasha na ndio ulio mgumu kupita yote kuuendesha mbele ya watu wasiojuana, nao ni mchezo wa uhusika.

Mchezo huu haulazimu kuwa na ubao, na mara nyingi hauna mshindi. Mtu mmoja, mwendeshaji, hushika mwanzo wa hikaya na mazingira yake; wengine, aghalabu wanne hadi sita, kila mmoja huvaa nafsi ya mhusika wake, huyu shujaa wa upanga, yule tabibu, yule mwizi mwenye vidole vyepesi, yule mwanachuoni wa sihiri. Mwendeshaji huwaeleza walipo na wanachokiona. Wao humjibu kwa kusema wanatenda nini. Na penye shaka, kama vile mtu ataweza kuruka ufa au kumhadaa mlinzi wa lango, dadu hurushwa ikakata shauri. Msimulizi wetu wa ngano, akisha kuita paukwa na kuitikiwa pakawa, hushika hatamu ya hadithi peke yake mpaka tamati, na wasikilizaji, hata wamwonee sungura huruma ya namna gani, hawana uwezo wa kumfungulia mlango. Katika mchezo huu wasikilizaji ndio sungura, na mlango hufunguka au hubaki umefungwa kwa kauli zao wenyewe.

Nyumbani mchezo huu huchezwa na masahibu wale wale, juma kwa juma, pengine mwaka kwa mwaka, na kosa la usiku mmoja hupata wasaa wa kutengenezwa usiku mwingine. Tamashani hakuna usiku mwingine. Watu sita waliokuja kutoka majimbo sita, ambao huenda wasionane tena maishani, hukutana mezani kwa muda wa saa nne, nao katika muda huo sharti wajuane, waaminiane, waingie katika hatari ya kubuni, watoke humo, na waone kwamba jambo limekwisha kwa haki. Naamini kwa dhati kwamba sanaa ya mwendeshaji hupimwa hapo kuliko nyumbani, na kwamba kipimo chake kikubwa ni insafu, yaani jinsi anavyoigawa zamu ya kusema na kutenda baina ya wageni wake. Ufasaha wa ulimi huja nyuma ya hilo, na tena nyuma kwa mbali.

Asili ya tamasha ilikuwa ya unyenyekevu mno. Gary Gygax, mfanyakazi wa bima huko Chicago na mkazi wa mji mdogo wa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, alikuwa na shauku ya michezo ya vita, ile ambayo vikosi vya vinyago vya risasi husukumwa juu ya meza kwa kanuni. Mwaka 1967 aliwakusanya nyumbani kwake wenziwe kiasi cha ishirini. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Agosti 1968, akakodi kwa dola 50 ukumbi wa Horticultural Hall, nao wakafika watu kama mia. Katika kusanyiko la mwaka 1969 alikutana na Dave Arneson, kijana wa Minnesota mwenye ghera kama yake, na urafiki uliozaliwa hapo ulizaa mambo ambayo hakuna kati yao aliyeweza kuyaagua.

Lakini kabla ya matunda ya urafiki huo kuonekana, kuna kisa kingine ambacho kila mwenye kuketi kwenye kiti cha mwendeshaji apaswa kukijua. Huko huko Minnesota, David Wesely alikuwa amesoma kitabu cha kale cha mazoezi ya kivita kiitwacho Strategos, kilichoandikwa na afisa wa jeshi Charles Totten na kuchapwa mwaka 1880, na humo alikuta fikira kwamba mwamuzi asiyependelea upande wowote aweza kumruhusu mchezaji kujaribu jambo lolote, hata lisilotajwa na kanuni. Basi akatunga mchezo wa mji wa kubuni wa Kijerumani, Braunstein, katika zama za Napoleon, akawagawia wachezaji vyeo vya watu: huyu meya, yule mwenye benki, yule mkuu wa chuo, muradi wake ukiwa ni kuitangulizia vita iliyotarajiwa mambo machache ya siasa. Wachezaji hawakuingoja vita. Walijitenga pembeni wawili wawili, wakapatana, wakalaghaiana, wakamjia mwamuzi na maswali ambayo hakuyaandalia jibu, mpaka jioni ikaisha na majeshi hayajapigana. Wesely aliondoka akidhani mchezo wake umeharibika. Wenziwe ndio waliomwambia kwamba wanautaka tena. Ukweli uliodhihirika jioni ile haujabadilika hata leo: mtu akipewa nafsi ya kuisemea, haitamtosha tena kusukuma kikosi.

Arneson aliichukua fikira hiyo akaipeleka mbali zaidi. Mwaka 1971 alianzisha nchi yake ya kubuni, Blackmoor, na chini ya ngome yake akachimba, kwa kalamu na karatasi, mahandaki yaliyojaa hatari. Na mwishoni mwa mwaka 1972 akaenda Lake Geneva akauonyesha mchezo huo kwa Gygax, ambaye wakati huo alikwisha kupoteza kazi ya bima na kutafuta riziki kwa kutengeneza viatu. Kutokana na mashauri yao ukatoka, mwaka 1974, Dungeons & Dragons, vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, nakala 1,000 zilizokusanywa kwa mikono na kampuni changa ya TSR, ambayo Gygax aliianzisha pamoja na sahibu yake Don Kaye. Mchezo uliozaliwa kwa urafiki wa tamashani ukarudi tamashani, na huko ukapewa umbo ambalo nyumbani usingelipata.

Umbo hilo lilitokana na mashindano. Mwezi wa Julai 1975, katika tamasha la kwanza la Origins lililofanyika Baltimore, Gygax alileta mkasa uitwao Tomb of Horrors, kaburi la mchawi wa kale ambalo karibu kila mlango wake ni mtego, uliokusudiwa wachezaji waliojiona hodari wasioshindika. Mna humo uso wa shetani uliochongwa ukutani, kinywa wazi na giza tupu ndani, na yeyote ajitiaye kinywani humo kwa kudhani ni njia hutoweka asirudi. Upanga haukumfaa mtu katika kaburi lile. Kilichofaa ni hadhari na subira, ilhali saa ilikuwa ikikimbia. Sasa, ili makundi mengi yapimwe kwa kipimo kimoja, sharti makundi yote yakute kaburi lile lile, mtego ule ule, maneno yale yale. Na hapo ndipo hikaya iliyokuwa ikikaa kichwani mwa mtu mmoja ilipolazimika kuandikwa neno kwa neno ili mtu mwingine aweze kuiendesha.

Wengi wanaocheza nyumbani hawatambui jinsi deni lao kwa mashindano hayo lilivyo kubwa. Vijitabu vya kwanza vya mikasa ambavyo TSR ilivichapa mwaka 1978, vile vya majitu, vilichezwa Origins mwaka huo huo. The Hidden Shrine of Tamoachan, kazi ya Harold Johnson na Jeff R. Leason, ulikuwa mkasa wa mashindano ya Origins ya mwaka 1979, na wachezaji waliuanza chini ya ardhi, ndani ya hewa yenye sumu iliyowapunguzia uhai kidogo kidogo, ili mwenye kusitasita alipie kusita kwake. Mikasa minne ya mabwana wa watumwa ilikuwa ya mashindano ya Gen Con mwaka 1980, na wa mwisho wake huwaanzisha wahusika wakiwa wamenyang'anywa silaha, ngao na mali yao yote, wamebakiwa na vitambaa viunoni na akili vichwani. Nauona mwanzo huo kuwa katika tadbiri bora zilizopata kubuniwa, kwa sababu unamvua mchezaji yale aliyoyapata kwa bahati njema ya dadu na kumwachia yale tu aliyo nayo mwenyewe.

Hata hivyo mashindano yalikuwa na upungufu wake. Mwenye kutafuta alama huona haya kuuliza jambo dogo, na mgeni asiyezoea hunyamaza kwa kuchelea kuwaangusha wenzake. Mwaka 1980 TSR iliunda jumuiya ya wachezaji iitwayo RPGA, na mwaka 1987 jumuiya hiyo ikaanzisha Living City, mji mmoja wa kubuni ambao wachezaji wa matamasha mbalimbali waliuingia kwa wahusika wao wenyewe, wakitoka tamasha hili kwenda lile na kumbukumbu za mambo waliyoyapata. Baadaye ikaja Living Greyhawk, kuanzia mwaka 2000 hadi 2008, ambayo iliigawa nchi ya kubuni katika majimbo na kuyaambatanisha na sehemu za dunia hii tunayoikanyaga, hata ikawa mchezaji akisafiri kwenda nchi nyingine hikaya yake nayo imevuka mpaka. Pathfinder Society ilifuata mwaka 2008, na Adventurers League ya Dungeons & Dragons mwaka 2014. Katika Pathfinder Society kila kikao hufungwa kwa karatasi ambayo mwendeshaji huijaza na kuitia sahihi, ikieleza mhusika amepata nini na amepoteza nini. Mwenye nayo huweza kwenda kuketi mbele ya mwendeshaji asiyemjua kabisa, katika mji asiopata kuuona, naye akapokewa. Kwa njia hiyo shauku ya kushinda ilipunguzwa makali, na mahali pake pakaingia shauku ya kurejea.

Sasa nije kwenye kiti chenyewe cha mwendeshaji. Jambo la kwanza linalomlazimu ni hesabu ya muda, na hesabu hiyo ina ukatili wake. Saa nne za ratiba si saa nne za mchezo: dakika za mwanzo humezwa na wachelewaji, na salamu, na kueleza kanuni kwa asiyezijua, dakika za mwisho ni haki ya kundi lijalo, ambalo limekwisha kusimama mlangoni na tiketi zake mkononi. Zinazobaki ni saa tatu na kitu. Mwendeshaji mahiri huja na wahusika waliokwisha kutayarishwa, kila mmoja na karatasi yake na jambo moja analolitaka sana na mtu mmoja kati ya wenzake anayemwamini au asiyemwamini, kwa kuwa wageni wakiachiwa kuunda wahusika kuanzia mwanzo saa nzima hupotea. Huanzia katikati ya jambo: meli imekwisha kupasuka, bwana arusi amekwisha kutoweka, moto umekwisha kushika paa. Tena hujua mapema ni kipande gani cha mkasa wake kitakatwa endapo muda utapungua, kama fundi ajuavyo kabla ya kushika mkasi. Mambo yaliyoandikwa kwa upendo mwingi hukatwa, na anayeshindwa kuyakata huwanyima wageni wake hatima, jambo ambalo kwangu mimi ni dhuluma kubwa kuliko mkasa dhaifu wenye mwisho.

Kelele nazo ni adui. Katika ukumbi wenye meza mia, nong'ono ya kutisha haisikiki, na mwendeshaji aliyezoea sebule yake hugundua haraka kwamba sauti yake njema haifiki upande wa pili wa meza. Waliokomaa katika kazi hii husimama badala ya kuketi, huizunguka meza, humwendea yule anayesema na kuinama kumsikiliza, na mara nyingi huiweka karatasi iliyokunjwa mbele ya kila mchezaji, imeandikwa jina la mhusika kwa herufi kubwa, ili hata jirani aliyekosa kulisikia jina alione. Hupanga penseli za ziada na dadu za ziada, zile zenye pande nne, sita, nane, kumi, kumi na mbili na ishirini, kwa sababu pana mgeni ambaye hajapata kuzishika, na hapaswi kuanza mchezo kwa kuomba.

Kisha ndipo linapokuja jambo lile nililolitaja kuwa kubwa kupita yote. Katika kila meza ya watu sita yupo mmoja mwenye maneno mengi, na yupo mmoja asiyesema. Mwenye maneno mengi kwa kawaida si mtu mbaya. Amefurahi, amesafiri mbali, anaipenda hikaya, na shauku yake huwasha meza. Asiyesema naye si mtu asiyetaka. Huenda lugha ya kanuni inamtatiza, au yeye ndiye mwanamke pekee kati ya wanaume watano, au ni kijana kati ya watu wazima, au amezoea kungoja kuulizwa. Mwendeshaji akiiacha hikaya ifuate sauti, itamfuata yule wa kwanza mpaka mwisho, na huyu wa pili atakuwa amelipia kiti cha kutazamia. Mwenye insafu humpokea mwenye maneno, humpa jibu, kisha bila ya kumwaibisha humgeukia mwenzake kwa swali linalomhusu mhusika wake na lisiloweza kujibiwa na mwingine: wewe uliyekulia katika kijiji hiki, mzee huyu unamjuaje? Swali la jumla, kama vile mnafanya nini sasa, hujibiwa daima na yule yule. Swali lenye jina ndilo linalogawa.

Ipo michezo ambayo tabia yake huusaidia mgawanyo huo. Call of Cthulhu, alioutunga Sandy Petersen na kuchapwa mwaka 1981 kutokana na visa vya H. P. Lovecraft, unafaa mno kwa tamasha, kwa sababu wahusika wake ni watu wa kawaida, mwalimu, mwandishi wa gazeti, tabibu, ambao akili zao huhesabiwa kwa alama na hupungua kwa kila wanaloliona. Na mchezaji asiyekuwa na kesho na mhusika wake hukubali kumpoteza kwa ushujaa ambao nyumbani angeliuogopa. Fiasco, wa Jason Morningstar, uliotoka mwaka 2009, hauna mwendeshaji kabisa: kila mchezaji kwa zamu huwa na onyesho lake, na kanuni zenyewe ndizo zinazogawa. Sisemi kwamba kiti cha mwendeshaji hakina haja, ila nasema kwamba kila mwendeshaji angefaidika kuucheza mchezo huo walau mara moja, apate kuona jinsi zamu iliyoandikwa kwenye kanuni inavyomfungua kinywa mtu mnyamavu.

Wageni huja na mengi wasiyoyasema. Mtu aliyefiwa juzi, au aliyepatwa na madhila utotoni, aweza kukutana mezani na kisa kinachofanana na chake, naye hana udhuru wa haraka wala rafiki wa kumfahamu. Kwa ajili hiyo John Stavropoulos wa New York alibuni kadi yenye alama ya X, ambayo huwekwa katikati ya meza. Yeyote akiigusa, jambo lililokuwa likisimuliwa huachwa au hubadilishwa, wala haulizwi sababu. Wapo wanaodai kwamba kadi hiyo huidhoofisha hikaya ya kutisha. Mimi naona kinyume chake. Mtu anayejua kwamba mlango wa kutokea uko wazi huthubutu kuingia ndani zaidi, na mwendeshaji anayejua kwamba atazuiwa anapovuka mpaka huthubutu kutisha kwa kweli.

Wachezaji nao wana faradhi zao, ijapokuwa hazisemwi sana. Kufika kwa wakati ni adabu ya kwanza. Ya pili ni kuukubali mwaliko: mkasa ukiwa ni wa kwenda kisiwani, mhusika anayeapa kubaki bandarini huwagharimu wenzake watano saa ambazo hawawezi kuzirudisha. Ya tatu, na ndiyo iliyo adimu, ni kumuuliza mwenzako swali kupitia kwa mhusika wako. Mchezaji mmoja afanyaye hivyo humpunguzia mwendeshaji nusu ya mzigo.

Na mzigo huo ni mzito. Ukiutazama umati wa Gen Con utadhani uhaba uko kwenye meza au viti, lakini penye uhaba wa kudumu katika matamasha ya namna hii ni waendeshaji. Aghalabu hawalipwi mshahara. Jumuiya na makampuni yanayowaleta huwapa kiingilio bure, pengine na sehemu ya malazi, kwa sharti la kuendesha vikao vya idadi fulani. Na wako ambao ili kutimiza sharti hilo huendesha vikao vitatu kwa siku, saa kumi na mbili za kusema kwa sauti ya juu ndani ya makelele, siku tatu mfululizo, hata inapofika Jumapili asubuhi koo limekauka na insafu imechoka pamoja na koo. Mchezaji aliyelipia kikao cha Jumapili ana haki sawa na yule wa Alhamisi. Lau ningelisikilizwa na waandaaji, ningeliwaomba wapunguze sharti liwe vikao viwili kwa siku bila ya kupunguza wanachopewa, waweke baina ya vikao nusu saa isiyoguswa ambayo meza hukaa tupu na mwendeshaji hupata maji na chakula, na kila mwendeshaji wa zamani wampe kiti cha pembeni mtu mmoja anayejifunza, kijana aliyecheza mwaka jana na kutamani kuendesha mwaka huu, aketi hapo akitazama ni nani anayeulizwa kwa jina, na baada ya muda gani, na kwa swali la namna gani.